Dawa ya Kifua cha Aryuna

Bibi Balzhit ni mtu ambaye akikuta mlango umeachwa wazi upana wa kidole, atakusimanga kuanzia chai ya asubuhi mpaka kuni za usiku. Ndiyo maana Sesegma, mke wa mwanawe, alishtuka alipogeuka kutoka jikoni akamwona mavyaa wake amesimama kizingitini, haingii wala hatoki, na baridi yote ya kisiwa cha Olkhon inajiingilia ndani kwa raha zake.

"Sesegma," bibi akasema, taratibu mno. "Ule mche ulioko juu ya sleji umeutoa wapi?"

Sesegma alikuwa na mwiko mkononi. Ndani ya sufuria golomyanka walikuwa wanayeyuka, maana samaki hawa hawapikiki kama samaki wengine. Ukiwapasha moto kidogo tu nyama yote hugeuka mafuta, ukabaki na mifupa myembamba kama nyuzi. Alifungua kinywa ajibu. Mwiko ukamponyoka ukaanguka miguuni pake.

Tusimwonee, hakuwa mjinga. Amezaliwa ufukweni mwa ziwa Baikal, ameolewa na dereva wa barafu, na huko hata mtoto anayejifunza kutembea anajua sheria ya miche. Ziwa likiganda, mlinzi wa njia hukata miche ya misonobari akaisimamisha juu ya barafu kutoka kisiwani mpaka ng'ambo, na hiyo ndiyo barabara. Mche uliosimama unakwambia pita. Mche uliolazwa katikati ya njia unakwambia simama hapo hapo, mbele kuna ufa, zunguka. Dereva akiona mche umelala hata hajiulizi, anakata usukani. Asipouona, anakwenda. Na upepo ukishapeperusha theluji juu ya ufa, ufa hauonekani tena, unaona weupe tu kama weupe mwingine wowote.

Mche wenyewe Sesegma aliutwaa asubuhi ile kwa mkono wake mwenyewe.

Alikwenda kutafuta dawa. Binti yake Aryuna, wa miaka saba, alikuwa amelazwa hospitali ya ng'ambo kwa nimonia, na siku hiyo baba yake, Garma, alikuwa anamrudisha nyumbani kwa lori. Daktari kampa vidonge, sawa, lakini nyumba ile ilikuwa na tiba yake ya kifua tangu enzi, mafuta ya golomyanka, kijiko asubuhi na kijiko jioni, mengine ya kuchua mgongo. Tabu ni kumpata. Samaki huyu anaishi kilindini ambako wavu haufiki, hatembei kwa makundi, wala watu wa ziwa hawamwoni akiwa hai labda mara moja katika maisha. Hatagi mayai, anazaa watoto wanaoogelea, na akishazaa hufa, akaelea juu. Basi kunguru walipoonekana wamejaa juu ya barafu, upande wa barabarani, Sesegma alijua kuna ufa mpya umefunguka na golomyanka wametupwa pale. Alichukua sleji, kigari chake cha kuburuta kwenye theluji, na gunia, akatoka mbio. Hata chai ya maziwa hakummwagia mwenye ziwa, mzimu wa maji yale, kabla ya kukanyaga barafu, na hilo nalo si jambo la kusahau.

Aliwakuta wengi. Wekundu kwa mbali, hawana magamba, unaweza kumweka mmoja kiganjani ukaona mistari ya kiganja chako kupitia mwili wake. Walikuwa wameganda ndani ya matope ya barafu kandokando ya ufa, na mkono mtupu haukuweza kuwatoa. Ufa wenyewe ulikuwa bado mwembamba, mlinzi Yefim ameulazia ubao mmoja wa kupitia waendao kwa miguu, na kila upande amelaza mche. Mche wa upande wa kisiwani uligandia kwenye barafu, haukung'oka. Sesegma akavuka ubao akauchukua ule wa upande wa ng'ambo, akawachana nao wale samaki kama mtu anayechana sufu. Matawi ya msonobari yalifanya kazi vizuri ajabu. Akajisemea moyoni, nitaurudisha. Aliporudi upande wake alikuja nao, akaendelea kuchana, gunia likafurika, wengine akawarundika kwenye sleji, akaulaza mche juu yao ili kunguru wasimwibie. Nitaurudisha sasa hivi. Kisha akainua macho akaona vilele vya milima ya magharibi vinafuka moshi wa theluji.

Huo moshi ni Sarma. Ni upepo unaoshuka milimani bila hodi, ukibeba kila kisichofungwa, na mtu wa Olkhon akiuona haongezi neno, anakimbia nyumbani. Sesegma alikimbia. Sleji nyuma, samaki ndani yake, na mche juu ya samaki.

"Garma juzi alipokwenda," bibi akasema, "hapakuwa na ufa."

"Hapakuwa, Mama."

"Kwa hiyo hajui."

Sesegma alishika ukingo wa meza. Kitu kingine kilikuwa kimemjia, kibaya kuliko hicho.

Madereva wa barafu huendesha milango ikiwa wazi. Iwe baridi ya kupasua mawe, mlango hufungwa kwa kamba ukabaki wazi, ili lori likizama mtu ajirushe. Wake zao huwatania kwamba wana shavu moja la binadamu na shavu moja la barafu. Sasa juzi, Garma akiwa tayari kuondoka, Sesegma alimshika mkono wa koti akamwambia mtoto anatoka kwenye nimonia, upepo ukimpiga kifuani njia nzima si atakuwa anamrudishia maiti? Afunge milango. Garma alicheka, akasema mama Aryuna, nifunge mlango juu ya barafu, nimerogwa? Lakini alipoona mkewe analia akaapa ataifunga. Na kwa kuwa vitasa vya lori lile vilikufa zamani, Sesegma alivua mtandio wake wa sufu ya mbuzi, ule wa arusi, akampa aufunge kutoka mlango mmoja mpaka wa pili, juu ya mapaja yao, fundo la kukaza.

Kwa hiyo mume wake na mtoto wake wa pekee walikuwa wanakuja kwenye ufa usio na alama, ndani ya lori ambalo yeye mwenyewe alilifunga. Waswahili tunasema mchuma janga hula na wa kwao. Huyu alikuwa amelichuma kwa mikono miwili.

"Nenda," bibi alimwambia. "Mimi namfuata Yefim aje na mbao. Nenda, mwanangu, unangoja nini?"

Sesegma alivaa koti lake la ngozi ya kondoo bila kufunga kifungo. Alichukua kandili, alichukua kibiriti. Alipofika mlangoni akarudi, hata hakujua kwa nini anarudi, akaipua sufuria ya mafuta, akaifunika na kuifunga kwa kitambaa, akaitia kwenye sleji pamoja na gunia la samaki na ule mche wa balaa. Kisha akaingia kwenye upepo.

Kandili ilizimika kabla hajafika ziwani.

Juu ya barafu hakukuwa na mbingu wala ardhi. Theluji ilikuwa inakwenda ubavuni mwake kama moshi, chini kwa chini, na juu yake nyingine, na jua lililokuwa linakaribia kutua limebaki doa la njano lisilosaidia kitu. Alikwenda kutoka mche hadi mche, akiushika mmoja na kukodoa macho mpaka auone unaofuata, ndipo auachie. Mara mbili hakuuona akaondoka tu. Upepo ulimwangusha akaanguka na sleji, akatambaa, akainuka. Alikuwa anaomba, lakini ombi lenyewe lilikuwa halina mpango, mara anamwomba mwenye ziwa msamaha wa chai, mara anamwomba Garma achelewe, apate pancha, alewe huko ng'ambo, alale kwa mwanamke mwingine akitaka, mradi asije. Chini ya miguu yake barafu ilikuwa inanguruma. Ukiwa mwenyeji umezoea ngurumo hiyo, unaambiwa barafu inayolia ni nzima. Siku hiyo kila ngurumo ilimfanya aongeze mwendo.

Akaufikia mche wa mwisho, ule ulioganda upande wa kisiwani. Akalala kifudifudi, akapapasa mbele yake kwa mkono, na mkono ukaingia majini.

Ufa ulikuwa umepanuka. Asubuhi aliuvuka kwa ubao. Sasa ubao haupo, umemezwa, na maji meusi mbele yake yalikuwa mapana kuliko kitanda chao kwa urefu. Theluji ilikuwa imejenga ukingo laini upande wa pili, mzuri, mweupe, usio na alama yoyote. Alama yake alikuwa nayo yeye kwenye sleji. Alifikiri kuurusha mche ng'ambo. Akaunyanyua, upepo ukaunyaka nusura uondoke naye, akaelewa kwamba ukitua utakwenda na theluji mpaka pwani.

Hapo ndipo aliposikia injini.

Mwanzoni alidhani ni upepo. Kisha upepo ukavuta pumzi na ile sauti ikabaki, ikikohoa kwa namna anayoijua kama anavyojua kikohozi cha mtoto wake. Alipiga kelele. Alipiga kelele mpaka koo likawaka, na sauti yake ikarudishwa nyuma kisiwani ambako hakuna aliyeihitaji.

Akapiga magoti, akaupigilia mche kwenye mwanya wa barafu, akaumiminia mafuta yote ya sufuria. Yote, dawa yote. Akalivua koti akalifanya kibanda juu ya kichwa chake na shina la mche, akachomoa njiti. Ya kwanza ilivunjika. Ya pili ikawaka ikafa. Vidole vilikuwa vimeshakuwa vya mtu mwingine, havimsikii. Alikuwa anasema, "Basi, basi, basi," kama anambembeleza mtoto mchanga, na njiti zinamwagika kwenye theluji. Akazikamata zilizobaki zote kwa mkupuo, akazisugua zote kwa pamoja, moto ukamrukia usoni, nyusi zikaungua, na mche ukashika.

Ndugu zangu, msonobari una utomvu na golomyanka ni mafuta tupu. Ule moto haukuwaka, ulilipuka. Upepo ulioua kandili ukauchochea huu mpaka ukanguruma, mwekundu, mrefu kuliko mtu. Sesegma akachukua samaki wazimawazima kutoka kwenye gunia akawa anawatupia, nao wakawa wanachirizika na kuwaka kama mishumaa.

Taa mbili za lori zikatokea kwenye weupe. Karibu. Karibu mno.

Garma aliuona moto. Alikanyaga breki, lakini breki juu ya barafu ni kama kumwambia jiwe linaloanguka lingoje kidogo. Lori likaja vilevile, kimya, magurudumu yamesimama na lenyewe linateleza. Akakata usukani. Lori likageuka ubavu, likaja kwa ubavu, kichwa kikitangulia na tela likifuata, na Sesegma akasimama na samaki mkononi akiliangalia, akiona kila kitu, hana la kufanya. Likasimama. Gurudumu moja la mbele likatumbukia kwenye ukingo ule mweupe mzuri, na lori likainama kuelekea kwake kama ng'ombe anayekunywa maji.

Kwenye mwanga wa moto aliwaona kupitia kioo. Aryuna amefungwa blanketi, macho wazi. Garma ameinamisha kichwa mapajani, mabega yanakwenda juu na chini. Sesegma hakuhitaji kuambiwa. Mumewe alikuwa anapambana na fundo, fundo la mtandio, aliloambiwa alikaze.

Barafu ikatoa mlio. Lori likashuka kiasi cha kiganja.

"Kata!" Sesegma alilia. "Garma, ukate!"

Hakumsikia. Alikuwa analing'ata fundo kwa meno. Baadaye alisema, na huyo ndiye Garma, kwamba kisu kilikuwa mfukoni muda wote ila alisita kidogo kwa sababu ni mtandio wa arusi. Kusita kwenyewe labda kulikuwa kwa pumzi moja. Kwa Sesegma aliyesimama ng'ambo ya maji, ile pumzi haikwisha. Kisha akaona kitu kinang'aa, mkono ukapanda, na milango yote miwili ikafunguka kwa pamoja, upepo ukaipigiza, na mume wake akatoka kwa mlango wa juu akimvuta mtoto na blanketi, akaanguka chali, akajiburuta kwa visigino akirudi nyuma, nyuma, nyuma.

Lori lilikwenda bila fujo. Lilishusha kichwa, likaguna, na tela likasimama wima kidogo kabla ya kufuata. Taa zilikuwa bado zinawaka. Zilishuka zikiangaza maji kwa kijani, na barafu iliyokuwa chini ya miguu ya Sesegma ikapata mwanga kutokea chini, akaona nyufa ndogondogo na mapovu, na taa zile zikiendelea kushuka huko wanakotoka golomyanka, zikawa ndogo, zikazimika.

Sesegma alikaa chini.  Ng'ambo ya maji Garma alikuwa amemkumbatia mtoto akimpa upepo mgongo, na hakuna kati yao aliyeweza kuvuka.

"Mzima?" akauliza.

"Mzima," Garma akajibu. "Yefim nitamuua kwa mikono yangu. Mche uko wapi? Mlevi yule, mche wake uko wapi?"

Hapo angeweza kunyamaza. Mche ulikuwa unaungua, ushahidi wote unakwenda na moshi, na mlinzi Yefim hakuwahi kuwa na sifa ya kuharibiwa. Alitazama moto.

"Ndio huu," akasema. "Niliung'oa mimi, Garma, nichane samaki. Nikausahau."

Upepo ukapita kati yao. Garma akabaki anayaangalia maji palipozama lori, mpaka Sesegma akadhani hakusikia, na akaogopa kwamba itabidi aseme tena, maana mara ya pili asingeweza.

"Umebakiwa na samaki?" Garma akauliza hatimaye.

"Nusu gunia."

"Warushe huku. Mtoto anatetemeka."

Masanduku mawili yalikuwa yameanguka kutoka kwenye tela, Garma akayavunja kwa kisigino yawe kuni. Sesegma alifunga kijinga cha matawi yanayowaka kwa waya wa kandili akakirusha, kikatua, Garma akakilalia nusura aungue. Kisha Sesegma akaanza kurusha golomyanka, mmoja mmoja, juu ya maji meusi. Wengine walianguka kati wakazama walikotoka. Wengine walifika, na baba mtu akawatia motoni, na moto wa upande ule ukapanda ukamwonyesha uso wa binti yake.

"Mama," Aryuna akaita. Sauti ilikuwa nyembamba lakini haikuwa na kukwaruza. "Nini kinanuka hivyo?"

"Dawa yako, mama."

Mtoto akafikiri. "Nilidhani ni ya kunywa."

Sesegma akataka kucheka, kilio ndicho kikatoka, akaendelea kurusha. Alikuwa amefikia chini ya gunia, anapapasa pembe zake, hofu inaanza kumpanda upya, aliposikia nyuma yake sauti ya Bibi Balzhit ikimtukana Yefim kwamba hata konokono aliyegandishwa anatembea upesi kuliko yeye. Walikuja na mbao mabegani na kamba. Yefim alizilaza, akavuka kwa tumbo, akarudi na mtoto, kisha Garma. Bibi Balzhit aliuangalia mche ulioungua ukabaki kisiki, akamwangalia mke wa mwanawe. Alivua koti lake akamfunika.

Aryuna alipona. Mafuta yalitafutwa kwingine. Garma alilisema kosa lile hadharani kama lake, kwamba dereva aliyefunga milango juu ya barafu anastahili anachopata, akapewa onyo kali na lori bovu zaidi, na hakuwahi kumsimanga mkewe hata siku waliyogombana kwa mengine.

Lakini Sesegma hakurudi kuwa yule wa zamani. Mpaka leo mlango wa nyumba ukifungwa nyuma yake anaacha alichoshika, anageuka, anaufungua. Basi mlango wao hauzibwi kabisa. Baridi ikiwa kali kiasi gani, unaachwa wazi upana wa kidole. Na Bibi Balzhit akiuona hivyo huinuka, akaongeza kuni jikoni, akarudi kukaa.